Mkono Wangu na Mafriji Matano

Jumatatu, 14 Oktoba

Goti la kushoto limevimba. Mbavu zinauma nikicheka, bahati nzuri sina cha kuchekea. Juzi nimeangushwa mara saba. Saba! Mara ya mwisho nikabaki chali naangalia mawingu, nikamsikia mtu jukwaani akiuliza kama nimelala.

Mji umeanza maneno. Kinyozi kaniambia miguu imekwisha. Mwenye duka la donati kanipa donati ya bure, na sura ya mtu aliyekuja kutoa pole ya msiba. Nimeila, lakini kwa hasira. Miaka kumi na sita mimi ndiye mrushaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Marlow Fork! Mpira unakuja kwangu, nasimama, natazama, narusha. Wengine wanakimbia kuudaka, au wanasukumana mbele yangu. Mkono ni uleule. Kilichoharibika si mkono.

Mchana Kocha Pruitt akaja dukani, ninapouza magodoro. Akakaa kwenye godoro la maonyesho, lile laini, akazama, heshima yote ikapotea. Lakini maneno yake hayakuwa laini. Jumamosi tunacheza nusu fainali na Carver's Run. Warushaji tuko wawili, mimi na Tyler Applegate. Atakayekuwa uwanjani mechi ikiisha ndiye atakayecheza fainali, na msimu ujao ni wake. Mwingine atarudisha jezi. Nikauliza jezi ipi. Akasema nisijifanye sielewi.

Tyler ana miaka ishirini na minne. Ananiita mzee. Mimi nina thelathini na tisa tu!

Sikuweza kukaa. Nimezunguka duka mara ishirini nikinyoosha mashuka yaliyokwisha kunyooka. Saa kumi Dolores wa gazeti la mjini akapiga simu, anataka kujua kulikoni zile saba. Nikamweleza kistaarabu kwamba waulizwe walinzi wangu watano wa mbele, wale wanaosimama kati yangu na watu wanaotaka kunivunja. Nikaongeza kwamba kazi yao si ngumu, hata nikiwekewa mafriji matano mahali pao nitarusha vizuri zaidi. Dolores akacheka sana. Mwanamke mwerevu. Naona nimeanza kujisafisha.

Jumanne, 15 Oktoba

Ukurasa wa kwanza! "AFADHALI MAFRIJI, ASEMA DUANE." Picha waliyoweka ni ya miaka tisa iliyopita. Nimependeza.

Mke wangu Renee kasoma amesimama jikoni. Kisha kasoma tena. Akasema niwapigie simu wote watano kabla ya mazoezi, niwaombe radhi. Nikamwambia anayeomba radhi ni aliyekosea. Akasema ndiyo maana anamwambia mhusika.

Mazoezi saa kumi na mbili. Wamekuja wamejipanga mstari mmoja, kimya, wanne wamejibandika karatasi kifuani kwa gundi, kama milango ya friji jikoni. Lamont Tibbs kabandika picha ya shule ya mtoto wake, na chini yake orodha: maziwa, mayai, sabuni. Mwingine kabandika bili ya umeme. Katikati yao Stosh Wojcik, fundi bomba, mlima wa mtu, ndiye anayeinama na kunipitishia mpira katikati ya miguu yake. Huyo hakubandika kitu. Alikuwa ananguruma. Mmmmm. Nilidhani anaumwa tumbo. Halafu wote watano wakaanza kunguruma, nikaelewa.

Nikapiga kelele ya kawaida, "Twende!" Mpira ukatoka. Mafriji hayakusogea hata kidogo! Mabeki, wale wa mazoezi ambao kazi yao ni kuniangusha, wakapita katikati yao bila hata kugusana mabega. Lamont alimfungulia mmoja njia kwa mkono, kabisa, kama anafungua mlango, na akamwambia karibu. Nikala nyasi. Tukarudia. Nikala tena. Mara ya tatu Stosh akanisimamia juu, kanifunika jua lililobaki.

"Mheshimiwa," akasema, "nikuletee barafu? Ya kwetu haiishi."

Kisha kocha akamwingiza Tyler. Walinzi walewale. Wakageuka ukuta! Tyler kasimama nyuma yao anajikuna shingo, anachagua wa kumrushia. Pasi kumi na moja, zote zimedakwa. Kocha akaandika kitu kwenye daftari, akakipigia mstari mara mbili. Nimekiona.

Dhuluma! Kwa ulinzi ule hata Renee angerusha. Hata Dolores na miwani yake. Yule kijana hana lolote, anabebwa na watu watano. Mafanikio yangu ya miaka kumi na sita ni suala jingine, yale yalikuwa mkono.

Jumatano, 16 Oktoba

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Kocha aelezwe ukweli. Lakini usitoke kwangu, ataona wivu ambao haupo.

Nimeandika barua bila jina. Kwa mkono wa kushoto, mwandiko usijulikane. Asubuhi nzima imekwenda, na wateja wawili pia. Nimeandika kwamba mrushaji si kitu bila watano walio mbele yake. Kwamba akipata muda wa kusimama na kutazama, muda huo kuna watu wanaulipia kwa migongo yao. Kwamba makofi yote anayopigiwa kaazimwa tu, wenyewe ni wao. Sikumtaja Tyler. Hapo ndipo penye ujanja: kocha atajumlisha mwenyewe. Nimeipenyeza chini ya mlango wa ofisi yake, nikaondoka kwa kuchechemea mguu ambao hauumi, ili kama kuna aliyeniona asinitambue.

Jioni kocha akatukusanya wote. Akaisoma kwa sauti! Neno kwa neno! Stosh akatoa leso akapenga kamasi. Walinzi wakaanza kutazamana, Lamont akauliza nani kaandika. Macho yote yakaenda kwa Tyler. Kijana akawa mwekundu, akasema hakuandika yeye, lakini angetamani awe ameandika, maana anaikubali yote. Wakacheka, wakasema na unyenyekevu pia anao! Wakamwinua juu juu, wakamzungusha uwanja.

Nilitaka kusema ni mimi. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini wangeniuliza nilikuwa namsema nani. Nikabaki nyuma nimeshika mkono wangu wa kushoto, umekaza vidole kwa kuandika. Kocha akaniuliza kama nimeumia. Nikasema ni goti.

Alhamisi, 17 Oktoba

Nimelala vibaya. Nimekunywa kahawa vikombe vitano kabla ya saa tatu, sasa hata nyusi zinacheza.

Kuna desturi. Hakuna mahali ilipoandikwa, lakini kila timu unayoijua inaifuata: Alhamisi ya wiki ya mechi mrushaji huwalisha walinzi wake. Mimi nilikuwa naifuata. Niliacha misimu miwili iliyopita, baada ya Stosh kumaliza kuku wawili na kuulizia jamaa zao. Leo nikaamua kuirudisha. Mtu aliyeshiba hangurumi.

Nikanunua soseji na mbavu za nguruwe. Saa kumi nikawasha makaa uani. Saa kumi na moja kimya. Nikaenda mpaka barabarani kutazama, nikarudi, nikaenda tena. Jirani akauliza kama nimepoteza mbwa. Saa kumi na moja na nusu Renee akatoka na kuniuliza kama niliwaalika. Nikamwambia ile ni desturi, desturi haialikwi! Akaingia ndani.

Nikampigia Stosh. Akapokea mkewe. Kumbe wote wako ukumbi wa chini wa kanisa la Mtakatifu Kazimiri. Bibi yake Tyler anawapikia pierogi, yale maandazi ya Kipolandi ya kuchemsha yenye viazi na jibini ndani. Bibi mzima! Mwenye miaka themanini na moja! Yule kijana haoni haya kumtumia.

Nikafunga soseji zangu kwenye karatasi, nikaenda. Tyler kanipokea mlangoni, karibu mzee, kanivutia na kiti. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyeniita pia. Soseji zangu nimeziweka mwisho wa meza na hapo hapo zimepoa. Nimekula pierogi kumi na nne kwa hasira. Ni tamu, lazima niseme.

Halafu Lamont akaja kukaa karibu yangu na sahani yake. Lamont anasambaza barua, ana miaka arobaini na moja, tulianza timu siku moja. Anasimama kushoto kwangu mbele, upande nisioweza kuuona nikiwa narusha. Alikatakata pierogi kwa uma.

"Miaka kumi na sita nakupa mgongo, Duane," akasema. "Sijawahi kuiona pasi yako hata moja ikiwa hewani. Mimi natazama mtu anayekuja kukuua. Watu wakishangilia ndiyo najua imefika. Na hiyo ilikuwa inanitosha."

Imeniuma. Kweli kabisa imeniuma. Maskini ya Mungu! Miaka kumi na sita, na pasi zenyewe zile, hajaona hata moja! Nikamwahidi nitamwazima mkanda wa video wa fainali ya miaka tisa iliyopita, ile ya pasi ya yadi sitini. Akanitazama. Akaweka uma chini, akaenda kujimiminia kahawa, akakaa meza nyingine.

Ijumaa, 18 Oktoba

Basi. Mafriji hawataki, na mimi siwahitaji! Nimepata dawa.

Nikirusha mara tu mpira unaponifikia, sihitaji wa kunilinda. Sekunde moja tu. Kinachotakiwa ni neno la siri kati yangu na mdakaji. Nikilitamka, yeye anaachana na mpango wa kocha, anakimbia moja kwa moja hadi kona ya kulia, na mpira unamkuta huko. Nimemwita Curtis Bell dukani saa ya chakula. Curtis ana mbio na haulizi maswali mengi. Neno tumelitafuta hapo hapo, tumezungukwa nalo pande zote: "Godoro." Nani wa Carver's Run atalielewa?

Tumefanya mazoezi kwa mito. Mimi nimesimama juu ya kitanda kikubwa, natamka godoro, Curtis anachomoka kati ya mabango ya punguzo la bei. Mito tisa kadaka saba. Wa nane umempata mama mmoja aliyekuja kuangalia vitanda vya watoto. Bwana Hanrahan, tajiri wangu, kanipa onyo la maandishi. Nimelikunja nikaweka mfukoni, leo si siku ya kusomasoma.

Curtis aliuliza swali moja tu. Je, Stosh na wenzake wasiambiwe? Nikamwambia siri ya watu saba ni tangazo.

Nimejaribu kulala mchana. Nimejaribu kukaa. Nimepanga upya kabati la viatu. Renee kaniuliza ninaogopa nini. Nikasema siogopi. Nimepanga kabati tena.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nianze mwanzo.

Robo ya kwanza nimeangushwa mara nne. Mafriji kimya, hawangurumi hata kidogo, wananikodolea tu macho. Robo ya pili nikaona nafasi. Curtis kulia, beki wake anafunga kamba ya kiatu. Nikapiga kelele: "Godoro! Godoro!"

Stosh alikuwa ameshainama, mkono uko juu ya mpira. Akasimama. Akageuka kunitazama, uso mzima.

"Juzi friji," akasema. "Leo godoro?"

Refa akarusha kitambaa cha njano, maana ukishajipanga huruhusiwi kutikisika kabla ya mpira kutoka. Yadi tano nyuma. Nikamnong'oneza Stosh kwamba ni neno la siri. Akauliza siri ya nani, mbona nalitukana tumbo lake mbele ya mama yake. Kweli mama yake alikuwa jukwaani, ananinyooshea mwavuli. Nikajaribu tena, Lamont akageuka. Kitambaa. Mara ya tatu, haki ya Mungu, walinzi watano wa Marlow Fork wakalala chini mstari mzima, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Refa hakujua aite kosa gani. Alipuliza filimbi tu, akapuliza tena. Kocha akanitoa.

Nimekaa benchi nikiwa na taulo kichwani. Tyler kaingia, magodoro yakaamka. Sitaandika yaliyofuata, alicheza vizuri. Nimehesabu dakika zikipungua, na kila moja ilikuwa inaondoka na jezi yangu. Sijui nitafanya nini Jumamosi bila mpira. Nimefikiria hilo kwa mara ya kwanza pale benchi.

Zikabaki sekunde kumi na tano. Wao ishirini, sisi kumi na saba. Tyler karusha, kidole kikagonga kofia ya beki, kikaelekea upande ambao kidole hakielekei. Akatoka anakishikilia. Kocha akatazama benchi. Akalitazama muda mrefu, kwa tumaini la kumwona mwingine.

Nikaingia. Tukajikusanya duara. Watano hawanitazami. Nilikuwa na hotuba, yenye hoja tatu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka si hotuba.

"Naogopa," nikasema. "Hii ikiharibika sina tena pa kwenda. Niliwasema vibaya. Mimi bila nyinyi naanguka tu, mmeona wenyewe."

Hakuna aliyenguruma. Stosh akatema mate pembeni. Kisha akamwambia Lamont, bila kunitazama: "Mpe sekunde zake."

"Twende!" Mpira ukanifikia. Nikarudi nyuma, nikakaza mbavu kusubiri kipigo. Hakikuja. Moja, mbili, tatu. Nilikuwa nimesahau kuwa kuna utulivu wa namna ile. Kushoto kwangu Lamont kamkumbatia kijana wa nusu ya umri wake, mishipa ya shingo imemtoka, viatu vinalima mtaro kurudi nyuma, lakini haachii. Nne, tano. Curtis kabanwa. Sita. Stosh kashika watu wawili. Saba! Curtis akajinasua kwenye kona, nikarusha. Haikuwa pasi nzuri. Ilikwenda kama kuku aliyerushwa juu ya uzio. Lakini ilikwenda, na Curtis akailalia ndani ya mstari wa mwisho, pointi sita, tukawa mbele, na jukwaa lote likasimama.

Lamont alikuwa chini, yule kijana kamlalia. Akageuza shingo kwangu.

"Imefika?"

"Imefika," nikasema.

Akafumba macho akacheka. Mimi nikalia, sifichi. Nikalia hadharani nimemshika Stosh, kwa kadiri mikono yangu inavyomfikia. Filimbi ikalia, na aliyekuwa uwanjani ni mimi. Kocha akasema jezi nibaki nayo.

Leo nimeelewa jambo. Jambo kubwa, kuhusu maisha yangu yote ya mpira. Nitaliandika kesho nikiwa nimetulia.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetazama video mara tisa. Mkono ule! Ukiangalia taratibu, unaona bega linavyozunguka. Thelathini na tisa, na bado! Lile jambo la jana nimejaribu kulikumbuka wakati wa kifungua kinywa. Nadhani lilikuwa la bega.

Nimepata wazo pia, na zuri kuliko yote ya wiki hii. Siwezi kukaa nalo. Baada ya kanisa nimekwenda hadi kwa Kocha Pruitt, nikamkuta anaosha mabanda ya kuku. Nimemweleza kwamba kwa fainali Lamont apumzishwe, mahali pake awekwe mtu mwepesi anayeweza na kudaka. Sina ubaya naye, ni rafiki yangu. Lakini nimemchunguza kwenye video mara tisa: sekunde saba nzima hakufanya kitu kingine chochote, kazi yake kusukumana na mtu mmoja yuleyule.

Kocha akafunga maji. Akaniuliza zile sekunde saba nilizosimama, kwa maoni yangu zilitoka wapi.

Nikamwambia kwangu. Ni utulivu, unakuja na uzoefu.

Akasema ahsante, Duane, akaingia ndani na kufunga mlango. Bado nikiwa barazani nikamsikia anapiga simu, anamuuliza Tyler kidole kinaendeleaje na kama kitakuwa kimepona kufikia fainali ya Jumamosi. Muungwana sana. Katikati ya furaha yote hii anakumbuka kumjulia hali majeruhi.